Motokari Isiyokuwa na Kioo cha Nyuma

Motokari yangu haikuwa na kioo cha nyuma, na mtu aliyekiondoa ni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa bisibisi yangu. Nasema hivyo mwanzoni kwa sababu kuna watu Kasongo ambao mpaka leo wanasema fundi bati alisahau kukiweka. Uongo mtupu! Fundi bati alikiweka vizuri, akakifuta kwa pindo la kanzu yake, akarudi nyuma hatua mbili kukitazama. Mimi nikakifungua. Wabelgiji walishaondoka zamani, mimi nimekuwa mzee, na hasira yangu juu ya kile kioo iko palepale.

Wakati huo nilikuwa ninatumika kwenye garaji ya kampuni moja ya pamba pale Kasongo. Kazi yangu ilikuwa kulala chini ya kamio, yale malori ya pamba, na kupokea mafuta machafu usoni. Nyuma ya garaji palikuwa na mahali tulipopaita kaburi, zilipotupwa kamio zilizokufa: zilizotumbukia mitoni, zilizovunjika uti wa mgongo, na moja ya askari iliyobaki tangu vita. Majani yalikuwa yameota mpaka ndani ya viti. Wenzangu walipita pale wakiona takataka. Mimi nilipita pale macho yakinitoka kama mtoto mbele ya duka la Mhindi.

Mama mkwe wangu alikaa Kabambare. Mimi ni Mzimba wa upande wa Kasongo, mke wangu ni Mbangubangu wa kule, lakini katika jambo moja wazee wetu walikubaliana kabisa: mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani. Akija njiani, wewe unaingia porini. Akiwa jikoni, wewe unasimama nyuma ya nyumba. Ukiwa na neno la kumwambia, unalipitisha kwa mtu mwingine, na kama hakuna mtu unaliambia ukuta, naye anasikia kama vile hajasikia. Jina lako hawezi kulitamka, na lake wewe huwezi. Hiyo ndiyo heshima. Miaka tisa ya ndoa, nilijua kisigino chake, nilijua pindo la kitambaa chake, nilijua sauti yake. Uso wake sikuujua.

Na mama huyo nilimpenda, niseme wazi. Nilipokwenda kuposa, wajomba wa mke wangu walinikataa, ati kijana ananuka mafuta ya kamio. Sauti ikatoka nyuma ya nyumba, moja tu: "Ni huyu. Mumupe." Wajomba wakakubali.

Basi mama huyo alianza kupoteza macho. Jicho la kuume lilikufa kwanza. La kushoto likabaki likiona kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mwuguzi mmoja wa hospitali ya Kasongo alimwambia mke wangu kwamba mwisho wa mvua daktari wa macho, Mzungu, atapita pale, atakaa majuma mawili tu, kisha atavuka Lualaba aende zake. "Ile jicho ya kushoto inaweza kupona," alisema mwuguzi, "lakini haiwezi kungojea mwaka ingine. Mumulete."

Mumulete! Kwa chombo gani? Kamio za pamba zilikwenda Kabambare wakati wa mavuno tu. Mvua ikinyesha, barabara ile ilikuwa matope yanayomeza mbuzi mzima. Kwa miguu ni siku nne, tano, kwa mtu mwenye macho. Baiskeli alishaanguka nayo. Kubebwa na watu kwenye tipoyi, kile kiti cha mabegani walichopandishwa Wazungu, alikataa kabisa. Jibu lake lilitufikia kwa mdomo wa mpita njia: "Mimi siko Muzungu, na siko maiti. Mabega ya batu muache."

Ndipo nilipokwenda kwa Mzungu wa garaji, kofia mkononi, nikamwomba kaburi. Alinitazama kama nimeomba kula misumari. Kisha akacheka, akasema nichukue ninachotaka, ila kazi yake kwanza. Nikaanza siku hiyohiyo, baada ya saa za kazi mpaka jua linazama, na Jumapili baada ya misa.

Peke yangu nisingeweza. Nilikuwa na rafiki, fundi bati wa mjini, Mwislamu, ambaye babu zake walikuja zamani na misafara kutoka mashariki. Alitengeneza taa, ndoo na masufuria kwa bati lolote alilookota. Mikono yake ilikuwa na akili kuliko kichwa changu, na mdomo wake ulikuwa mkali. Alipoona shasi ya ile kamio ya askari nimeiburuta mpaka uani kwangu, alishika kiuno. "Wallahi, rafiki, unataka kufufua maiti? Haya, tufufue."

Shasi tuliikata kwa msumeno wa mkono, akichoka yeye nashika mimi, mpaka ikawa fupi ya kupita penye miti. Injini tuliitoa kwenye kamio iliyolala mtoni msimu mzima. Tuliifungua yote, tukaosha kila kipande kwa mafuta ya taa, tukatoa mchanga na kaa mmoja mdogo aliyekuwa hai. Tangi la esanse, yaani petroli, lilikuwa pipa la mafuta ya mawese, na palipovuja tuliziba kwa sabuni. Magurudumu manne hayakuwa ndugu. Mipira ya ndani haikuwapo, basi tukashindilia majani makavu kwa mchi mpaka tairi likawa gumu kama paja la mpanda baiskeli. Lile la nyuma kushoto lilikuwa la askari, lenye meno makubwa, na lilipopita liliacha alama ambayo huwezi kuichanganya na nyingine.

Lakini jambo langu mwenyewe, lililotoka kichwani mwangu, lilikuwa bwati mbili. Bwati ni lile sanduku la kubadilishia mwendo. Kila kamio ina moja. Mimi nilifunga mbili, moja nyuma ya nyingine, kwa chuma alichokichonga fundi bati kwa tupa. Ukiweka mwendo wa kwanza kwenye zote mbili, motokari inatambaa polepole kuliko bibi kizee, lakini ina nguvu ya kung'oa mti. Siku tuliyoijaribu ilipanda kichuguu. Kichuguu! Watu wa mtaa walipiga yowe, na Mzungu wa garaji alikuja kupiga magoti chini yake, suruali nyeupe kwenye udongo, akazihesabu bwati kwa kidole.

Ikabaki swali la mama mkwe atakaa wapi. Kukaa bega kwa bega naye? Afadhali nife. Nikaamuru ukuta. Nyuma ya kiti changu, ambacho kilikuwa sanduku la sabuni, nilitaka ukuta wa bati kutoka chini mpaka juu ya kichwa, na nyuma ya ukuta kiti kizuri cha kusuka kinachotazama nyuma, chenye mikono ya kushikia na paa dogo la jua. Yeye angetazama tulikotoka, mimi tunakokwenda.

Fundi bati alicheka mpaka akakaa chini. "Unajenga motokari ao unajenga nyumba ya bibi arusi?" Kisha akaacha kucheka. "Acha nitoboe tundu hapa, kubwa sawa mukono. Akiwa na shida, aite."

"Tundu ya nini? Nimuone mama mukwe?"

"Si lazima uone. Usikie tu."

"Tundu ya kusikia ni tundu ya kuona," nikamwambia, na nilijiona nimesema maneno makubwa.

Kesho yake akaleta kile kioo, kutoka kwenye mlango wa kamio iliyokufa, akakifunga pembeni, nje kidogo ya ukuta. Nikakijaribu. Nikainamisha kichwa kidogo, nikaona kiti cha nyuma, mkono wa kiti, na mahali ambapo uso wake ungekuwa akiinama pembeni. Nikasikia haya mpaka masikioni. Nikachukua bisibisi. Fundi bati alitaka pia kutengeneza bomba la moshi kwa makopo ya maziwa ili kupunguza kelele, maana injini ililia wazi, kelele za kupasua kichwa. Mimi nikasema muda umekwisha, daktari ameshafika. Hilo lilikuwa kweli. Yale mengine yalikuwa kichwa kigumu.

Mke wangu hakuweza kuja, alikuwa amejifungua juma lile. Lakini dada yake wa Kabambare angepanda nyuma pamoja na mama, awe mdomo wetu. Bwana wa teritwari, yule Mbelgiji mkubwa wa serikali, aliizunguka motokari mara mbili, akafuta machozi ya kucheka, akanipa karatasi ya kwenda na kurudi mara moja. Nikaenda. Kwenda sina la kusema: siku mbili, mawe, matope, magogo badala ya madaraja, na motokari ikapita kote. Nilifika Kabambare nimevimba kichwa.

Siku ya kuondoka nilisimama mbele, mgongo kwa watu, nikasikia wanawake wakimpandisha mama kwenye kiti. Wakamfungia mizigo. Shemeji yangu naye akapanda. Nikazungusha mkono wa chuma, injini ikaanza kwa mshindo, na shemeji akaruka chini akapiga mbio mpaka nyuma ya migomba. Hakurudi. Walimwita, walimtukana, hakurudi. Nikazima injini, sijui nifanye nini. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ukuta, inaambia kijiji kizima: "Mumuache akimbie, yeye iko na macho ya kukimbilia. Mimi naenda kutafuta yangu." Watu wakacheka sana. Hata mimi nilicheka, nikitazama majani.

Mzee mmoja akapata shauri. Akafungua kengele kwenye shingo ya mbuzi wake, akaitundika karibu na sikio langu, akapitisha kamba juu ya ukuta mpaka mkononi kwa mama. Akiwa na haja, avute. Wote tukaona limekwisha vizuri. Kumbe!

Kengele ililia njia yote. Kila shimo, ngilingili! Kila jiwe, ngilingili! Nilisimama mara ya kwanza, nikazima, nikashuka, nikasimama mgongo kwake, nikauambia ukuta: "Kama kuko na neno, niko nasikia." Sauti ikajibu, kama inasema na hewa: "Ni barabara ndiyo inavuta." Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alicheka. Basi nikajua kengele ile ni ya barabara, si ya mama, na sikusimama tena kwa ajili yake.

Tulilala Lusangi, yeye kwa wanawake wa ukoo wake, mimi kwa katekista. Ilikuwa Alhamisi. Daktari angeondoka Jumamosi. Ijumaa asubuhi wanawake walimkalisha tena kitini, wakaniitia kwamba tayari, tukaondoka mapema, umande bado uko kwenye majani. Nilikuwa na furaha, naikumbuka ile furaha na inanichoma.

Kabla ya jua la utosi tukafika kwenye kijito chenye mteremko mbaya. Kuvuka tulivuka. Kupanda ng'ambo, tukakwama. Matope mekundu, laini, magurudumu yanazunguka bure. Niliweka mwendo wa kwanza kwenye bwati zote mbili. Motokari ilitetemeka, ikachimba, ikalia. Sikushuka. Nilijua dawa yake ni kukaza bila kuacha, ukiacha inazama. Nikakaza. Kwa muda mrefu hakuna kitu. Halafu ghafla, kama mtu amekatwa kamba miguuni, ikaruka, ikapanda mpaka juu, nyepesi, nyepesi kabisa! Nilipiga kelele mwenyewe. Niliupiga ukuta kwa kiganja, nikasema kwa nguvu: "Mama, umeona kazi ya bwati mbili?"

Sikupata jibu, na sikungojea jibu. Mama mkwe hajibu moja kwa moja.

Mchana wote nilikwenda nikiuambia ukuta maneno mazuri. Niliposimama kuongeza maji kwenye injini, nilisema tunapumzika kidogo. Wanawake wa kijiji kimoja walikuwa wameniwekea ndizi za kuchoma kwenye jani. Nikapitisha mkono nyuma ya ukuta bila kugeuza kichwa, nikaziweka kwenye mkono wa kiti, nikasema karibu chakula. Watu barabarani walinyoosha vidole, walipiga kelele, wengine walikimbia nyuma yangu wakipunga mikono. Nikasema moyoni, washangae tu, wapi wameona motokari kama hii. Nikawapungia.

Kengele ilikuwa inalia vilevile. Ngilingili, ngilingili, mpaka Kasongo.

Niliingia mjini jua limeanza kushuka. Sokoni watu waliacha biashara. Fundi bati alitoka dukani kwake na koleo mkononi, akakimbia ubavuni kwangu akipiga takbiri. Nikasimama mbele ya nyumba, nikazima injini, nikashuka kwa upande wangu, nikageuka ukutani kama inavyopasa. Mke wangu akatoka na bakuli la maji na mtoto mgongoni, akipiga vigelegele, akazunguka nyuma kumpokea mama yake.

Vigelegele vikakatika katikati.

"Mama iko wapi?"

Nilidhani anatania. "Iko kwenye kiti."

"Hakuna mutu hapa." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Kuko ndizi. Mama iko wapi?"

Sitasahau. Nilikwenda kule nyuma, mara ya kwanza tangu Kabambare, nikatazama. Kiti kitupu. Mizigo imefungwa. Kamba ya kengele inaning'inia. Ndizi zangu kwenye jani, hazijaguswa, zimejaa vumbi. Nikakaa chini palepale kwenye mchanga. Nilimwambia maneno matamu nani tangu mchana? Fundi bati alisema tu, "Lahaula," akafunika mdomo kwa mkono wenye koleo. Mke wangu hakulia. Alinitazama kama mtu asiyenijua, na mimi mwenyewe sikujijua.

Hatukungoja. Mtoto alibaki kwa jirani, mke wangu akapanda kwenye kile kiti, nikageuza motokari. Alikuwa na siku chache tu tangu kujifungua, na barabara ile! Jua lilituacha kwenye kijiji cha nne; taa hatukuwa nazo. Pale wakatuambia mama kipofu hajapita, lakini waliona mchana motokari yenye kiti kitupu na dereva anayesema peke yake. Walikuwa wamepiga kelele kuniambia.

Jumamosi, kulipopambazuka tu, tukaendelea. Hatukwenda sana. Kwenye kona moja nilimwona mtu anakuja katikati ya barabara, amejaa matope mekundu mpaka kichwani, matope yamekaukia. Alikuwa na fimbo. Hakuipigapiga kama vipofu wengine. Aliiburuta ardhini, taratibu, ikifuata kitu. Nilisimama. Ndipo nilipoelewa anachofuata. Alama ya tairi la askari, yale meno makubwa. Alikuwa ameweka ncha ya fimbo ndani yake na kuifuata tangu jana, kilima kwa kilima, amelala kando yake ilipoingia giza, na akaamka akaitafuta tena kwa vidole.

Mke wangu aliruka chini akimwita. Mimi, unajua nilifanya nini? Niligeuka. Niliwapa mgongo, nikatazama msitu. Mtu amenifuata kwa fimbo njia nzima namna ile, na mimi nikageuka kwa heshima! Ningeweza kujipiga makofi.

Tukarudi mbio, kama mbio ipo kwenye bwati mbili. Mke wangu alieleza, akipaza sauti juu ya ukuta, alichosimuliwa. Pale kwenye matope mama alisikia motokari inazama. Akajua uzito ni wake. Akashuka mwenyewe, akapapasa, akaweka bega, akasukuma. Motokari ilipotoka, yeye alianguka kifudifudi. Basi ile nguvu niliyoisifia bwati zangu ilikuwa bega la mama mkwe.

Hospitali tulifika saa sita. Mwuguzi alikuwa anakusanya mashuka. Alimtazama mama, akatazama matope yale, akashika kichwa. Daktari alivuka Lualaba alfajiri. Ijumaa jioni alikuwa amengojea mgonjwa mmoja wa Kabambare mpaka mwuguzi akaona haya kumwambia aendelee kungojea. Nikashuka mtoni na motokari, sijui nikifikiri nini. Nilikuta kivuko kinarudi upande wetu, kitupu, na wapiga kasia wanakula mihogo.

Fundi bati alikuja uani kwangu Jumatatu na patasi yake. Hakutania. Alitoboa ule ukuta, tundu kubwa la kutosha kichwa cha mtu, akakunja kingo lisikate mtu, akaondoka. Kile kioo nilikirudisha mwenyewe.

Mama alibaki kwetu Kasongo. Jicho la kushoto lilififia siku kwa siku, na mvua za kwanza ziliporudi likazimika. Nilimsikia akimwambia mke wangu asubuhi ile, bila kelele, "Leo hakukucha." Nilikuwa nyuma ya nyumba. Nilibaki nyuma ya nyumba muda mrefu.

Kisha siku moja, mke wangu ameenda sokoni, nilipita uani kuchukua spana. Mama alikuwa amekaa barazani mwa jiko anabambua karanga kwenye ungo. Nikageuka haraka, kama kawaida.

"Unageukia nani?" akasema. Alikuwa anasema na mimi, moja kwa moja, si na ukuta. "Mimi siko naona tena. Haya ilikuwa ya macho, na macho imekwisha. Kuja ukae."

Nikaenda nikakaa. Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa anafanana na mke wangu kabisa, na mtoto wetu wa mwisho alikuwa na paji lake la uso. Miaka yote hiyo sikujua. Akafuta mkono kwenye kitambaa, akaunyoosha, akanipapasa: paji la uso, pua, kidevu.

"Kumbe uko mudogo hivi," akasema. "Mimi nilifikiri nilisukuma mutu mukubwa."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Swali nilikuwa nalo miezi yote ile, na nililiuliza vibaya, kwa hasira, kana kwamba kosa ni lake. "Mama, siku ile kwenye matope, juu ya nini haukuita? Unaniogopa mimi kuliko kupotea? Heshima gani hiyo! Ungeita tu!"

Akarudi kwenye karanga zake. Akabambua moja, akabambua ya pili.

"Niliita," akasema.

"Uliita?"

"Nilikuita kwa jina yako. Ile ya nyumbani kwenu, muke wako anayokuita. Mara ya kwanza polepole, kisha kwa nguvu, nimelala mule kwenye matope. Motere yako ilikuwa inalia sana." Akapepeta ungo, maganda yakaruka. "Kisha nikasikia iko mbali. Nikanyamaza. Niliogopa batu wasinisikie naita mukwe wangu jina."

Hakuna mama mkwe wa kwetu aliyewahi kufanya hivyo. Nilikuwa nimekaa na uzito wa kimya chake tangu siku ile, na kumbe hakikuwapo kimya chochote. Nilipiga ule ukuta kwa kiganja nikisifu bwati zangu, na nyuma yake jina langu lilikuwa linaitwa. Nikamshika mkono, karanga zikamwagika. Nikamwomba alitamke tena, mara moja tu, nilisikie.

Akatikisa kichwa, akaanza kupapasa chini kuzitafuta karanga.

"Hapana," akasema. "Sasa uko hapa. Mutu iko hapa, unamuita ya nini?"